Kiziwi na Mlango wa Chuo Kikuu

Ndugu msikilizaji, mazungumzo ya juma hili yana kasoro moja ambayo ni vizuri niikiri mapema. Nazungumza redioni juu ya watu ambao hawasikii redio. Wanaohusika zaidi na maneno haya hawatayapata leo usiku. Watayapata siku gazeti litakapoyachapa, ikiwa kuna mtu nyumbani atakayekumbuka kuwanunulia. Basi leo nitajitahidi kusema kama mtu anayeandika.

Chanzo cha mazungumzo haya ni jirani yangu mmoja, fundi seremala. Binti yake ni kiziwi tangu utotoni baada ya kuugua homa kali, na amemaliza kidato cha sita kwa alama nzuri. Jioni moja walifika nyumbani kwangu, baba amekumbatia bahasha ya vyeti. "Mwalimu," akasema, "tumekuja kuomba ushauri. Huyu mwanao kafaulu, lakini chuo gani kitamfaa? Mimi naona asomee ualimu, akafundishe viziwi wenzake. Huko angalau watamwelewa." Binti, ambaye muda wote alikuwa akikodolea macho midomo ya baba yake, akatoa simu, akaandika, kisha akanipa nisome: "Shikamoo mzee. Mimi nataka upimaji wa ardhi. Baba anasema huko hakuna mkalimani. Je, nichague ninachokitaka au nichague mahali penye mkalimani?"

Sikuwa na jibu. Niliwaomba wanipe siku chache, nikaenda kusoma. Nilichokuta ni kwamba swali la binti huyu lina umri wa zaidi ya miaka 150, na kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo waliolijibu hawakuwa viziwi.

Tuanzie mji wa Washington, Marekani. Mwaka 1856 tajiri mmoja aliyewahi kuwa waziri wa posta, Amos Kendall, alitoa nyumba na kiwanja ili watoto viziwi na vipofu wapate shule. Mkuu wake wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 20, Edward Miner Gallaudet. Baba yake, Thomas, ndiye aliyeanzisha shule ya viziwi huko Hartford mwaka 1817, akisaidiwa na mwalimu kiziwi kutoka Ufaransa, Laurent Clerc. Mama yake, Sophia, alikuwa kiziwi. Kwa maneno mengine, kijana huyu alilelewa na mikono ya mama inayosema, na hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba kiziwi ana akili.

Wazo la chuo cha elimu ya juu, hata hivyo, halikuwa lake peke yake. Mwaka 1854 mchoraji John Carlin, naye kiziwi, alikuwa ameandika kudai kwamba viziwi wapewe chuo chao. Miaka kumi ikapita. Tarehe 8 Aprili 1864, nchi ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyoiruhusu shule ile ya Washington kutoa shahada. Mwanafunzi wa kwanza, Melville Ballard, alipata yake mwaka 1866. Mwaka 1869 walihitimu watatu kwa pamoja, na vyeti vyao vikatiwa saini na Rais wa nchi, desturi inayoendelea hadi leo. Chuo kile ndicho tunachokiita leo Chuo Kikuu cha Gallaudet.

Kuna jambo moja hapo ambalo wakuu wetu wa elimu wangefaa kulitazama. Chuo hakikumpokea kijana na kumtupa moja kwa moja kwenye shahada. Kwa kuwa shule nyingi za viziwi hazikuwafikisha wanafunzi kiwango cha sekondari, kiliweka darasa la matayarisho. Hakikusema kwamba viziwi hawana sifa. Kilijenga ngazi mahali ambapo ngazi haikuwapo.

Na mafundisho yalikwendaje? Kwa alama za mikono, pamoja na maandishi. Mhadhiri anafundisha kwa mikono, wanafunzi wanauliza kwa mikono, na nje ya darasa wanataniana na kugombana kwa mikono ile ile. Mkalimani wa nini? Tuikumbuke picha hiyo, maana ndiyo njia ya kwanza kati ya mbili anazozifikiria kila kiziwi anayetaka elimu ya juu: chuo ambacho lugha yako ndiyo lugha ya nyumba.

Haikupita miaka ishirini picha hiyo ikataka kufutwa. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana mjini Milano, Italia. Wajumbe walikuwa 164, na kati yao kiziwi alikuwa mmoja tu. Wakapitisha kwa kura nyingi mno kwamba kuanzia hapo watoto viziwi wafundishwe kwa mdomo, wajifunze kutamka na kusoma midomo ya wengine, na alama ziwekwe kando. Gallaudet na Wamarekani wenzake walipinga, wakashindwa. Shule za Ulaya, na nyingi za Marekani, zikafuata azimio lile. Walimu viziwi wakapoteza kazi. Watoto wakafungiwa mikono, kwa maneno na mara nyingine kwa vitendo.

Hapa inafaa nieleze kusoma midomo ni kitu gani, maana wengi tunafikiri ni kama kusoma gazeti. Ndugu msikilizaji, simama mbele ya kioo usiku huu, usitoe sauti, utamke: baba. Kisha: mama. Kisha: papa. Umeona tofauti? Hakuna. Midomo inafunga na kufunguka vile vile mara tatu. Jaribu tena: bata, pata, mata. Kiziwi aliyezoea huokolewa na maana ya sentensi nzima, hubahatisha na mara nyingi hupatia. Lakini fikiria mhadhiri mwenye ndevu, anayetembea huku na huko, anayegeuka kuandika ubaoni huku akiendelea kusema, tena kwa Kiingereza, juu ya jambo ambalo hata wenye masikio hawajalielewa. Hapo hakuna kubahatisha.

Mtetezi mkubwa wa kufundisha kwa mdomo huko Marekani alikuwa Alexander Graham Bell, yule yule aliyepata hataza ya simu mwaka 1876. Naye mama yake alikuwa kiziwi, na mkewe, Mabel, alikuwa kiziwi. Wanaume wawili, Bell na Gallaudet, wote wamelelewa na mama kiziwi, wakafikia mahitimisho yanayopingana kabisa. Nimelitafakari sana jambo hilo. Linaonyesha kwamba kumpenda kiziwi ni kitu kimoja na kumuuliza anataka nini ni kitu kingine. (Na historia ina mzaha wake. Simu ya Bell haikuwafaa viziwi kwa karibu miaka mia moja, na leo simu ile ile, kwa sababu ya ujumbe wa maandishi, ndiyo binti wa jirani yangu aliyoitumia kunieleza habari zake.)

Wanaume hao wawili waligongana waziwazi mwaka 1891. Gallaudet alitaka kufungua idara ya kufundisha walimu wa viziwi. Bell alikwenda mbele ya Bunge kupinga fedha za serikali zisitumike kuwafanya viziwi kuwa walimu. Mwishowe idara ilifunguliwa, lakini waliopokelewa ni wenye kusikia tu. Fikiria: katika chuo cha viziwi, darasa la kujifunza kuwafundisha viziwi, kiziwi haruhusiwi kuingia! Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Wao walizuiwa ualimu. Sisi tunawasukumia ualimu wote kwa pamoja. Katika hali zote mbili, anayeamua si yule mwenye kusoma.

Nisifanye chuo kile kuwa pepo, maana kilikuwa na milango mingine iliyofungwa. Wanawake waliruhusiwa mwaka 1887, tena kwa majaribio. Mwaka 1893 Agatha Tiegel alihitimu, na mada aliyoichagua kwa hotuba yake ya siku hiyo ilikuwa akili ya mwanamke. Weusi walingoja zaidi. Mwaka 1905 watoto weusi waliokuwa katika shule ya awali ya hapo hapo chuoni waliondolewa, wakapelekwa Maryland. Ilibidi mama mmoja, Louise Miller, pamoja na wazazi wenzake, waende mahakamani, wakashinda mwaka 1952. Hata hapo shule ilichokifanya ni kuwawekea watoto weusi jengo lao katika kiwanja kile kile, hadi ubaguzi wa shule ulipopigwa marufuku mwaka 1954. Mwaka 2023 chuo kiliwaheshimu kwa mahafali wanafunzi 24 wa jengo lile, miaka sabini baadaye. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa.

Ni katika miaka hiyo hiyo ya mahakama ndipo anapoingia mtu ambaye habari zake zinatuhusu sisi Waafrika. Andrew Foster alizaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Alabama. Akiwa na miaka 11 alipata homa ya uti wa mgongo ikamwondolea usikivu. Shule ya viziwi weusi aliyosoma haikumfikisha mbali. Akahamia Detroit, akafanya kazi mchana na kusoma usiku, akamaliza sekondari kwa njia ya posta. Aliomba Gallaudet zaidi ya mara moja, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1951 akakubaliwa, na mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu hapo.

Sasa tazama alivyofanya baada ya hapo. Alitoka katika chuo cha mikono akaenda kusoma shahada nyingine katika vyuo vya kawaida, pamoja na wenye kusikia. Yaani alipita njia zote mbili. Kisha mwaka 1957, mwaka wa uhuru wa Ghana, akafika Accra. Alikuta watoto viziwi wakifichwa majumbani na wazazi wakiamini hawafundishiki. Akaanzisha shule, kisha Nigeria, kisha kwingineko, hadi kufikia zaidi ya shule 30 katika nchi 13 za Afrika. Wengi aliowaandaa kuwa walimu walikuwa viziwi wenyewe, jambo ambalo Bell alilikataa na ambalo chuo chake Foster kilikuwa hakijalifanya kwa moyo. Desemba 1987, akiwa njiani kuelekea Kenya, ndege ndogo aliyopanda ilianguka Rwanda, akafa.

Njia ya pili, ile ya kuchanganyika, ilikuwa inafunguka wakati Foster akijenga shule zake. Zamani kiziwi wa Marekani aliyesoma kiasi aghalabu aliishia katika viwanda vya uchapaji, hata vya magazeti makubwa, kwa kuwa kelele za mitambo hazikumsumbua. Ilikuwa kazi ya heshima yenye mshahara mzuri. (Ndugu zangu wa chumba cha uchapaji watanielewa.) Lakini kazi za mikono zilianza kutishiwa na mashine mpya, na ilionekana wazi kwamba viziwi wanahitaji uhandisi, hesabu na sayansi. Mwaka 1964 chuo kimoja cha California, huko Northridge, kilianza kuwapokea viziwi na kuwapa wakalimani. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kuanzisha Taasisi ya Taifa ya Ufundi kwa Viziwi. Iliwekwa ndani ya chuo cha teknolojia cha Rochester, jimbo la New York, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia mwaka 1968. Hapo kiziwi anakaa katika mhadhara ule ule wa wenye kusikia, mkalimani amesimama mbele. Sheria ya mwaka 1973 ikavibana vyuo vyote vinavyopokea fedha za serikali visimbague mtu kwa ulemavu wake, na taratibu wakalimani wakaanza kuonekana kila mahali.

Njia hii ina gharama zake ambazo hazionekani. Mwenye kusikia anaweza kusikiliza huku akiandika. Kiziwi hawezi: jicho likiinama kwenye daftari, mkalimani amekwisha sema sentensi tatu. Kwa hiyo anahitaji mwenzake wa kumwandikia. Mkalimani naye ni binadamu. Baada ya nusu saa hivi mikono na akili vinachoka na makosa yanaanza, ndiyo maana kwa mhadhara mrefu hutakiwa wawili wapokezane. Na mambo ya kitaalamu aghalabu hayana alama iliyozoeleka, inabidi neno liandikwe herufi kwa herufi kwa vidole. Halafu kuna upweke. Mkalimani huondoka kipindi kikiisha, na chakula cha mchana hakina mkalimani.

Basi mtu atasema, chuo cha viziwi ni bora. Ngoja. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza hapo Gallaudet, alichapisha utafiti uliothibitisha kwamba lugha ya alama ni lugha kamili yenye sarufi yake, na wenzake wengi chuoni, hata baadhi ya viziwi, wakamcheka. Hiyo ilikuwa miaka 96 baada ya Lincoln! Na mpaka mwaka 1988 chuo hicho hakikuwahi kuwa na mkuu kiziwi hata mmoja. Tarehe 6 Machi mwaka huo Bodi ilikuwa na majina matatu mbele yake, mawili ya viziwi. Ikamchagua yule wa tatu, Elisabeth Zinser, mama mwenye sifa zake lakini asiyejua lugha ya alama. Wanafunzi wakafunga malango kwa minyororo na magari, wakaandamana hadi Bunge. Wiki moja ilitosha. Zinser akajiuzulu, mwenyekiti wa Bodi akajiuzulu, na tarehe 13 Machi I. King Jordan akatangazwa kuwa mkuu wa kwanza kiziwi. Ikakubaliwa pia kwamba viziwi wawe wengi katika Bodi. Chuo kilikuwa na miaka 124.

Turudi kwetu. Shule za viziwi Afrika Mashariki zilianza kuenea miaka ya 1960: Kenya wakawa na Nyang'oma na Mumias, Tanganyika ikawa na shule ya Tabora mwaka 1963, na baadaye Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Nyingi zilianza kwa kufuata ule uamuzi wa Milano, kusema kwa mdomo, huku watoto wakizungumza kwa mikono bwenini mwalimu akiwa amelala. Aliyetaka elimu ya juu ilibidi mara nyingi asafiri. Mkenya Michael Ndurumo, aliyepoteza usikivu akiwa mtoto, alisoma Marekani hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, akarudi kufundisha saikolojia Chuo Kikuu cha Nairobi. Uganda iliitaja lugha ya alama katika Katiba yake ya mwaka 1995, na Chuo Kikuu cha Kyambogo kinafundisha wakalimani. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, iliifanya lugha yake ya alama kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ikatunga sheria yake mwaka 2010.

Lakini hatuna Gallaudet, na kwa idadi yetu na mifuko yetu sidhani kama tutakuwa nayo karibuni. Yaani njia iliyobaki kwa binti wa jirani yangu ni ile ya pili, tena bila Rochester. Na ana mzigo mmoja ambao Mmarekani hana. Huyu amejifunza lugha ya alama shuleni, Kiswahili kwa maandishi, kisha sekondari akageuziwa Kiingereza, lugha ambayo hajaisikia hata siku moja. Akifaulu kidato cha sita kwa hali hiyo, mimi sioni nani ana haki ya kumwambia kwamba upimaji wa ardhi utamshinda. Ni kazi ya macho, vipimo na ramani!

Walipokuja tena niliwaeleza haya yote, polepole, binti akisoma karatasi niliyomwandikia. Nikamwambia baba yake kwamba ualimu ni kazi njema kwa anayeutaka, na kwamba Foster aliutaka. Kisha nikamwambia binti asiulize kama chuo kina mkalimani. Aulize wako wangapi, nani anawalipa, watakuwapo kwenye mafunzo ya uwandani au darasani tu, mhadhiri yuko tayari kutoa maandishi ya somo siku moja kabla, na kama yupo kiziwi aliyekwisha kusoma hapo ambaye anaweza kumwandikia.

Akasoma, akafikiri, akaongeza swali lake mwenyewe: je, wataniruhusu mimi nimchague mkalimani, au nitapewa yeyote?

Siku mbili baadaye alileta barua aliyoiandika kwa ofisi ya usajili, akaniomba nisahihishe Kiingereza chake. Niliondoa nukta mkato mbili. Baba alitaka kumsindikiza kuipeleka. Binti akanyoosha kiganja kuelekea kiti, alama ambayo hata mimi niliielewa, na yule mzee akakaa.